VC, DSO, MC, MM: hizi herufi nyuma ya jina la ofisa zina maana gani hasa?

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la familia kijana mmoja alituma picha ya nyota ya shaba yenye ncha sita, utepe wake umechakaa hadi rangi zimefifia, chini kaandika kwamba hii ndo medali ya ushujaa ya babu, alipewa na mfalme wa Uingereza kwa kumwokoa ofisa mzungu kule Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo. Watu wakamwaga mikono ya kupongeza, shangazi zangu wawili wakatuma na sauti wanalia. Mi nikakaa kimya kwanza. Ile nyota naijua, na haitolewi kwa kumwokoa ofisa yeyote, ilitolewa kwa kila aliyekanyaga uwanja ule wa vita na kutumika, awe alishika bunduki, alibeba mizigo, au alikuwa mpishi wa kambi. Babu alifika Bama, hilo ni kweli na ni kubwa kabisa. Ila ushujaa una medali zake nyingine.

Kabla hata sijapata namna ya kulisema hilo bila kumvunja mtu moyo, mjomba akaingia na swali la pili, akauliza kama Idi Amin naye alikuwa askari wa Keya (KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) na alikuwa anajiandika VC, DSO, MC, ina maana hizo alizipata kwa Waingereza? Hapo nikaona niandike kwa urefu, kwa sababu haya maswali mawili jibu lake ni moja. Mtu akielewa ofisa mdogo wa jeshi la miguu alikuwa anapewa nini wakati wa vita, na kwa nini, hizo herufi zote zinajifungua zenyewe.

Tuanze chini kabisa. Medali za jeshi la Uingereza, ambalo ndo jeshi lililowachukua babu zetu, ziko za aina nyingi ila zinaingia kwenye vikapu vitatu. Kikapu cha kwanza ni medali za kampeni, yaani ulikuwepo kwenye vita fulani, mahali fulani, muda fulani, basi unapewa, wewe na maelfu wenzako. Cha pili ni medali za utumishi, umetumika miaka mingi na mwenendo wako mzuri. Cha tatu ndo nishani za ushujaa, na hizi haziji kwa kuwepo wala kwa miaka, zinakuja kwa sababu siku fulani, saa fulani, ulifanya jambo fulani mbele ya adui na mtu akaliona akaliandika. Fikiria shule. Cheti cha kumaliza wanapata wote waliofika mwisho, ila zawadi ya mwanafunzi bora inaitwa jina moja mbele ya wazazi. Ile nyota ya babu ni cheti cha kumaliza, na kumaliza Bama halikuwa jambo dogo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye matope na mvua na malaria, watu wanakokota magari kwa kamba.

Sasa ofisa mdogo ni nani. Hapa naongelea luteni usu, luteni na kapteni, wale wenye nyota moja, mbili na tatu begani. Kwenye jeshi la miguu luteni usu au luteni ndo anaongoza platuni, watu kama 30 hivi, na kapteni yuko kwenye uongozi wa kombania, ambayo ndani yake kuna platuni kadhaa. Wengi wao kwenye vita vikubwa viwili walikuwa vijana wa miaka 19, 20, 22. Kazi ya huyu kijana ni kitu kimoja cha kutisha sana, filimbi ikilia yeye ndo anatangulia kutoka handakini. Meja na kanali wanaweza kuongoza kwa simu na ramani, luteni anaongoza kwa mgongo wake, watu wanaufuata ule mgongo. Ndo maana kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia maofisa wa Uingereza walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko askari wa kawaida, karibu 17 katika kila 100 kwa maofisa, wakati askari ilikuwa kama 12 katika kila 100, na mzigo mkubwa wa hao maofisa ulikuwa hao hao maluteni.

Ukishaelewa hivyo utaelewa kwa nini Msalaba wa Kijeshi ulizaliwa. Huu ndo MC. Vita ilianza Agosti 1914, na ilipofika Desemba ikawa wazi kwamba kuna shimo. Askari wa kawaida walikuwa na medali yao ya ushujaa tangu 1854, inaitwa DCM, medali ya mwenendo uliotukuka. Juu kabisa kulikuwa na Msalaba wa Victoria, VC, ulioanzishwa 1856 kutokana na vita vya Crimea, unaopewa mtu wa cheo chochote. Na maofisa walikuwa na DSO, nishani ya utumishi uliotukuka, ya tangu 1886. Shida ni kwamba DSO ilikuwa nzito, imezoea vifua vya mameja na makanali, na huyu luteni wa miaka 20 anafanya makubwa kila usiku hakuna cha kumpa katikati, ama umpandishe mpaka DSO ama umwache. Basi tarehe 28 Desemba 1914 ukaanzishwa MC, kwa ajili ya makapteni kushuka chini pamoja na maofisa wateule, wale wakubwa wa masajini. Ni msalaba wa fedha, kila mkono unaishia na taji, katikati kuna herufi za mfalme, utepe wake mweupe una mstari wa zambarau katikati. Ndo maana nikiona MC nyuma ya jina la mtu wa zamani, kabla sijajua lolote jingine, najua huyu wakati anaipata alikuwa mtu wa mstari wa mbele mwenye cheo cha chini.

Askari wa kawaida nao ilipofika Machi 1916 wakapewa inayolingana na hiyo, Medali ya Kijeshi, MM. Kwa hiyo kukawa na ngazi mbili zinazosimama sambamba, moja ya maofisa na moja ya askari, na hii ndo sehemu inayochanganya watu kuliko zote. Chini kabisa ni kutajwa kwenye ripoti ya jemadari, huko hakuna medali kabisa, jina lako linachapishwa na baadaye unavaa jani dogo la shaba juu ya utepe wa medali nyingine. Juu yake ofisa mdogo anapata MC na askari anapata MM. Juu yake tena ofisa anapata DSO na askari anapata DCM. Na kileleni ngazi zote mbili zinakutana kwenye VC, hapo hawaulizi cheo. Kitendo kinaweza kuwa kile kile, kwenye handaki lile lile, dakika ile ile, luteni akatoka na msalaba wa fedha na koplo aliyekuwa ubavuni kwake akatoka na medali ya duara. Tofauti ilikuwa begani tu, na mi hilo huwa linanikera kila nikisoma, ingawa naelewa jeshi la wakati ule lilikuwa limejengwa hivyo kuanzia meza ya chakula.

Kwa idadi, Vita vya Kwanza zilitoka MC zaidi ya 37,000 na MM zaidi ya 115,000. VC za vita ile yote hazikufika 650. Hesabu hizo zinakupa uzito wa kila moja bila maelezo mengi. Na tangu 1856 mpaka leo VC zote ni kama 1,350 na kidogo.

Kitu ambacho wengi hawakijui, usisome medali peke yake, isome pamoja na cheo. DSO kwa luteni kanali mara nyingi ilimaanisha aliongoza batalioni yake vizuri kwenye mapigano. DSO hiyo hiyo kwa luteni au luteni usu ni habari nyingine kabisa, jeshini ilikuwa inaeleweka kwamba huyu kijana aliikosa VC kwa chupuchupu. Utepe ule ule mwekundu wenye kingo za bluu. Kwa hiyo mtu akikuambia babu wa fulani alikuwa na DSO, swali la kwanza kuuliza ni alikuwa na cheo gani siku ile, siyo cheo alichostaafu nacho.

Na jingine dogo la kuangalia ni tarehe. Mwanzoni mwa Vita vya Kwanza DSO na hata MC zilikuwa zinawafikia pia maofisa wa makao makuu, watu wa karatasi na treni, ambao risasi walikuwa wanazisikia kwa mbali. Malalamiko yakawa mengi huko mbele, na kuanzia Januari 1917 makamanda wakaagizwa DSO wapendekeze watu waliokuwa chini ya moto wa adui. Pia zile zilizotoka kwenye orodha za mwaka mpya na za siku ya kuzaliwa kwa mfalme zilichapishwa jina tu bila maelezo, kwa hiyo usishangae ukitafuta alichofanya mtu usikione.

Sasa inatolewaje. Watu wengi wanadhani mfalme au malkia anachagua, au jenerali anapita anabandika kwenye kifua. Hapana, inaanza na shahidi. Mapigano yamekwisha, kamanda wa batalioni anakaa na waliobaki anawauliza nani alifanya nini. Anaandika pendekezo, siku gani, mahali gani, alifanya nini, nani aliona. Hiyo karatasi inapanda kwenda brigedi, inapanda divisheni, inapanda kote mpaka kwa kamanda mkuu wa eneo lile la vita. Ni kama faili linalopita meza kwa meza, na kila meza ina uwezo wa kugonga muhuri, kushusha, au kulilaza. Wengi walipendekezwa DSO wakashushwa MC. Ikipita zote jina linachapishwa kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, na hapo ndo herufi zinakuwa za kweli. Mfalme anakuja mwishoni kabisa, anapachika tu kile ambacho wengine wameshakiamua.

Ukishaona hiyo njia unaona na matundu yake. Kama walioona wamekufa wote, hakuna pendekezo. Kama kamanda hajui kuandika vizuri, faili linakufa brigedi. Kama uliyefanya ni mtu ambaye hao walio juu hawamwoni kama mtu kamili, unaweza kukisia.

Ngoja nichukue mfano mmoja niukaribie kabisa, kwa sababu umetokea upande wetu huu wa dunia. Agosti 1940 Waitaliano waliingia Somaliland ya Waingereza. Kwenye njia ya Tug Argan, mahali ambapo vilima vinabana barabara ya kwenda Berbera, kulikuwa na kapteni mmoja kijana, Eric Wilson, ofisa wa jeshi la miguu kutoka East Surrey aliyeazimwa kwa kikosi cha ngamia cha Somaliland. Kabla ya hapo alikuwa ametumika miaka kadhaa na Keya wa Nyasaland. Kazi yake pale ilikuwa bombom, zile bunduki rashasha za miguu mitatu, zikiendeshwa na askari Wasomali. Tarehe 11 Agosti mizinga ya Waitaliano ikaanza kupiga kilima chake. Bombom zikarushwa kutoka kwenye miguu yake, yeye akajeruhiwa bega la kulia na jicho la kushoto, watu wake kadhaa wakajeruhiwa. Akazikarabati, akazisimamisha tena, akaendelea kupiga. Sajini wake Msomali akauawa pembeni yake. Tarehe 12 mizinga tena, tarehe 14 mizinga tena, vidonda havijafungwa, tarehe 15 vituo viwili vya bombom vikasambaratishwa, malaria imempanda juu ya majeraha, na kituo chake bado kinapiga. Saa kumi na moja jioni ya siku hiyo adui akakifunika kile kituo.

Waliofanikiwa kuondoka walidhani amekufa. Pendekezo likaandikwa hivyo, likapanda, na Oktoba 1940 London Gazette ikachapisha VC ya Kapteni Wilson ikisema alipigana mpaka mwisho akauawa. Kumbe yuko hai. Waitaliano walimchukua mateka, yuko Eritrea kwenye kambi ya wafungwa, na habari kwamba ana VC, tena VC ya marehemu, aliipata mle mle kambini kutoka kwa mfungwa mwenzake aliyeletwa baadaye. Alikombolewa mwaka 1941, baadaye akaenda Bama na Keya, na vita ilipokwisha akaja Tanganyika akawa ofisa wa utawala mpaka kipindi cha uhuru. Alikufa 2008 akiwa na miaka 96.

Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilishangilia kama kila mtu. Mara ya tatu nikasimama kwenye ule mstari wa sajini. Alikuwa mita moja au mbili kutoka kwa Wilson, kilima kile kile, mizinga ile ile, na kwenye maandishi ya nishani yeye ni maneno machache ndani ya sifa za mwingine. Na hapa kuna sheria ambayo inabidi uijue. Mpaka mwaka 1979, mtu aliyekufa kwenye tukio lenyewe hakuweza kupewa MC, MM, DCM wala DSO. Kwa marehemu ilikuwa ama VC, ama kutajwa kwenye ripoti, hakuna cha katikati. Kwa hiyo ofisa mdogo au askari aliyefanya kitu cha kustahili MC au MM na akafa pale pale, familia yake ilipata lile jani la shaba au haikupata kitu. Ndo maana unakuta mtu aliyetangulia mbele kabisa hana herufi hata moja, na aliyekuwa nyuma yake akabaki hai anazo. Uoga haukuhusika hapo, ni kanuni tu ilivyokaa.

Upande wa Keya kuna VC nyingine, ya Sajini Nigel Leakey, Mkenya wa kizungu wa batalioni ya 1/6, batalioni ya Tanganyika. Tarehe 19 Mei 1941 kule Colito, Ethiopia, vifaru vya Waitaliano vilipowatokea ghafla aliruka juu ya kimojawapo, akang'oa mfuniko, akawapiga waliokuwa ndani isipokuwa dereva, kisha akafuata vingine na kuuawa. VC yake ilitangazwa Novemba 1945, miaka minne baadaye. Yeye alikuwa sajini, siyo ofisa, ila VC kama nilivyosema haiulizi cheo. Askari weusi wa Afrika Mashariki hakuna aliyepata VC kwenye Vita vya Pili. Na ofisa mweusi kwenye Keya wakati ule hakuwepo, maofisa wote walikuwa wazungu, kwa hiyo njia ya MC ilikuwa karibu imefungwa kwao tangu mlangoni. Waliopata, walipata DCM na MM, na DCM yenyewe ilikuwa na toleo maalumu la Keya mpaka miaka ya Vita vya Pili ndo wakaanza kupewa ile ile ya wengine. Kwa hiyo ukisikia askari wa Keya mwenye MM, usione kwamba ni kitu kidogo kuliko MC ya luteni wake. Ni ngazi ile ile, upande wa pili.

Na walioruka huo ukuta walipita wapi? Yupo Walter Tull, mchezaji mpira wa Tottenham na Northampton, baba yake alitoka Barbados. Kanuni za jeshi la Uingereza zilikuwa zinamzuia mtu asiye wa asili ya Ulaya kuwa ofisa wa kuamuru watu, lakini maofisa walikuwa wanakufa mno, na Mei 1917 Tull akawa luteni usu. Kule Italia aliongoza kikosi kuvuka mto Piave usiku, chini ya moto, akawarudisha watu wake wote salama, na meja jenerali wa divisheni akamsifu kwa maandishi kwa ushujaa na utulivu wake. Aliuawa Ufaransa tarehe 25 Machi 1918, na mwili wake haukupatikana. Ofisa mwenzake aliandikia familia kwamba Tull alikuwa amependekezwa kupewa MC. MC haikuja. Kuna watu Uingereza wamedai kwa miaka mingi apewe hata sasa, na mi nasimama nao moja kwa moja, kwa sababu barua ya jenerali ipo na kanuni iliyomzuia inajulikana.

Sasa yale yanayosemwa sana mitaani niyapitie. Kwamba nishani inatolewa kwa idadi ya maadui uliowaua, siyo kweli. MC nyingi sana zilitolewa kwa kuwarudisha majeruhi kutoka eneo la katikati ya mahandaki, kwa kushikilia watu wasikimbie baada ya kapteni kuanguka, kwa kukagua waya za adui usiku kwa tumbo. Madaktari na mapadri wa jeshi walipata MC bila kufyatua risasi. Kwamba ukijeruhiwa unapata nishani ya ushujaa, hiyo ni mkanganyiko na Marekani ambao wana nishani yao ya majeruhi, ile ya moyo wa zambarau, Uingereza kuanzia 1916 majeruhi walivaa mstari mdogo kwenye mkono wa koti. Kwamba VC imetengenezwa kwa dhahabu, hapana, ni shaba ya mzinga wa zamani, inatengenezwa na sonara wa London anaitwa Hancocks, na mbele imeandikwa maneno mawili tu, For Valour. Pesa yake mwanzoni ilikuwa pauni 10 kwa mwaka kwa askari wasio maofisa, na mwaka 2015 ikapandishwa kuwa pauni 10,000 kwa mwaka kwa aliye hai.

Kuna swali la mtu kupata mara mbili. Hapewi msalaba wa pili, anapewa kipande cha chuma kinachobanwa juu ya utepe, wenyewe wanakiita baa, na akiwa amevaa utepe peke yake inawekwa waridi ndogo ya fedha. Kwa hiyo "MC na baa" ni MC mbili, "MC na baa mbili" ni tatu. Vita vya Kwanza walikuwepo watu wanne tu waliofikisha MC nne. VC mara mbili ni watu watatu tangu dunia iumbwe, wawili kati yao madaktari wa jeshi, na wa tatu ndo ofisa wetu mdogo wa jeshi la miguu, Charles Upham wa New Zealand. Ya kwanza Crete, Mei 1941, akiwa luteni usu anayeongoza platuni, anaumwa kuhara damu, ana majeraha, anatambaa na mabomu ya mkono kwenda kwenye vituo vya bombom vya Wajerumani, kimoja baada ya kingine, kwa siku kadhaa. Ya pili Misri, Julai 1942, akiwa kapteni, ukingo wa Ruweisat, mkono umevunjwa na risasi na bado anasukuma kombania yake. Mfalme George wa Sita mwenyewe alisita, akamwuliza jenerali wa New Zealand, Kippenberger, kama kweli huyu anastahili mara ya pili, na jibu la jenerali likawa kwamba kwa maoni yake Upham ameshaistahili VC mara nyingi kuliko hizo mbili.

Mjomba, turudi kwa Amin. Aliingia Keya mwaka 1946, vita imeshakwisha mwaka uliotangulia, kwa hiyo ile hadithi ya kupigana Bama haisimami. Miaka mingi alikuwa askari, koplo, sajini, na MC nimeshaeleza kwamba ilikuwa ya maofisa na maofisa wateule. Ukofisa kamili aliupata 1961, na Uganda ikawa huru Oktoba 1962. DSO wakati ule ilikuwa ya maofisa walio vitani, na ndani ya huo mwaka mmoja na ushei hakukuwa na vita ya kumpa. Na hiyo VC ilikuwa nishani aliyoianzisha mwenyewe, jina lake Victorious Cross, herufi zikafanana. Waliouawa kwenye utawala wake walikuwa wanazisikia zile herufi kwenye matangazo ya redio, na watu wengi waliziamini kwa sababu hakuna aliyewaeleza maana yake. Hilo peke yake ni sababu tosha ya kuzieleza.

Mabadiliko makubwa yalikuja 1993. Uingereza ilifuta ule utaratibu wa ngazi mbili, MM na DCM zikaachwa kutolewa, na MC ikafunguliwa kwa vyeo vyote, kuanzia askari wa kawaida. Kwa hiyo ukisoma MC ya mwaka 2006, usiseme tena "huyu alikuwa ofisa". Mwanamke wa kwanza kupata MC, Michelle Norris, alikuwa askari wa tabibu wa cheo cha chini kabisa, alipanda juu ya gari la kivita kule Iraq chini ya risasi kwenda kumtibu sajini aliyejeruhiwa. Kwa kanuni za zamani angepewa medali ya duara.

Na sasa yule kijana wa ile nyota. Mdogo wangu, ile nyota ya Bama ina utepe wa bluu wenye mstari mwekundu katikati na mistari ya machungwa, haina jina la mtu popote, na inasema babu alikuwepo. Usiitupe wala usiidharau. Ila wazee wengi walihifadhi vyote kwenye kikopo kimoja, kwa hiyo tafuta vizuri kama kuna ya duara ya fedha yenye kichwa cha mfalme. Igeuze nyuma. Ukikuta maneno For Bravery in the Field, hiyo ni MM, na utepe wake ni bluu yenye mistari myeupe na myekundu katikati. Ukikuta For Distinguished Conduct in the Field, hiyo ni DCM, na hapo waite wazee wote wakae chini. Kisha iinamishe uangalie ukingo, ule unene wake wa pembeni, kwa tochi ya simu, kwa sababu MM na DCM zilichongwa namba ya askari, cheo, jina na kikosi pale ukingoni. Piga picha pande zote halafu tuma. Na tafadhali usiisugue kwa dawa ya kung'arishia vyombo, maana yale maandishi ya ukingoni ni membamba sana, yanafutika.